Kidole cha Marcelo

Shigela alikuwa na Noah moja tu, na hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe, Bariadi kwenda Kasoli na kurudi, mvua na jua. Sasa mtu wa namna hiyo anauzaje gari? Aliuza kwa sababu ya ng'ombe. Msukuma akiona mitamba iliyonona akili inamruka, msinibishie. Marcelo wa Kasoli alikuja na mitamba yake, wakakubaliana, wakaenda ofisini mjini, wakaweka vidole kwenye kile kimashine cha alama za vidole, na kadi ya gari ikatoka na jina la Marcelo. Kila mtu alirudi kwake anacheka.

Furaha haikukaa. Dada yake Marcelo aliachika, na wakwe wakadai mahari yao irudi. Kumbe mahari yenyewe ndiyo mitamba ile! Marcelo alikuja kwa Shigela uso chini, akamwomba waivunje biashara: gari lirudi kwa Shigela, ng'ombe waende kwa wenyewe. Mwingine angekataa. Shigela alifungua zizi kwa mkono wake. Wakwe wakaswaga ng'ombe wao, wakahama nao moja kwa moja kwenda Katavi. Shigela akapewa ufunguo, na Esteria, mke wa Marcelo, akawapikia kuku wakala pamoja. Kwao neno lilikuwa limekwisha. Ng'ombe wamerudi, gari limerudi, kuna nini tena?

Kulikuwa na kadi. Kadi iliendelea kusema gari ni la Marcelo. Waliahidiana kwenda kuibadilisha, lakini mara palizi ya pamba, mara kupulizia dawa, mara mnada. Hatimaye Shigela alikwenda peke yake. Binti wa dirishani, Nancy, alimweleza kwa upole kwamba kurudisha umiliki ni kuanza upya, na mwenye jina lazima aje mwenyewe aweke kidole.

Wakati huo mwenye jina alikuwa amelazwa. Shigela alimpelekea uji hospitali, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika yakamkauka mdomoni. Unamuulizaje mgonjwa habari za mali? Ni sawa na kumwambia tumeshakuzika. Basi akakaa anaongea habari za mvua, mjinga wa watu. Marcelo mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Ngosha, ndugu yangu, ile kadi. Waombe waje na kimashine chao hapa, nimalize."

Shigela aliona aibu, kana kwamba amefumaniwa. "Pona kwanza," akasema. "Kadi haina miguu, itaenda wapi?"

Marcelo hakupona.

Ukoo haukuwa na usafiri, kwa hiyo Shigela aling'oa viti vya nyuma akampeleka rafiki yake nyumbani. Kidole alichokitafuta msimu mzima kilikuwa humo humo garini, nyuma ya mgongo wake, na hakikumfaa kitu tena. Aliendesha analia. Alimlilia Marcelo, na Mungu amsamehe, aliililia na Noah.

Baada ya maziko ukoo uliketi. Baba mkubwa wa marehemu, mzee Mayige wa Kiloleli, ndiye aliyeteuliwa kusimamia mirathi, na alikuwa amekwisha kuulizia mjini gari ni la nani. Shigela alieleza yote, tangu mitamba hadi uji wa hospitali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nani aliona. Wakwe walikuwa Katavi porini, simu hazipatikani. Aliyebaki ni Esteria. Wote wakamgeukia.

Esteria alikuwa na watoto wadogo, na shamba alilolima lilikuwa la ukoo huo huo uliomkodolea macho. Shigela alilijua jibu kabla hajafumbua mdomo.

"Mimi nilikuwa jikoni," Esteria alisema, anatazama chini. "Mambo ya ng'ombe ni ya wanaume."

Shigela hakuweza hata kumchukia. Mzee Mayige akanyoosha mkono, akapewa ufunguo. Hakuwa mkali. Alisema Shigela ni kama mwanawe, marehemu alimpenda, kwa hiyo ataendelea kuwa dereva, hesabu ya nauli amletee kila Jumamosi.

Jioni wazee walitaka kupelekwa stendi. Mayige alimrudishia Shigela ufunguo na kumpigapiga begani.

"Endesha taratibu, mwanangu," akamwambia. "Hilo ni gari la watu."