Chumvi Iliyozidi

Godoro lilikuwa la mtoto. Lilitandikwa stoo, kati ya gunia la mchele na katoni za maji ya kunywa, na mpishi akinyoosha miguu, visigino vilitua kwenye sakafu na vidole vikagusa pipa la chakula cha mbwa. Usiku wa kwanza alijiambia ni wiki mbili tu, na kwa wiki mbili binadamu hulala hata juu ya kokoto. Wiki mbili zikaongezwa mbili, kisha redio ikaacha kutaja idadi.

Siku ile waliyotangaza kufunga daraja la kwenda bondeni kwa sababu ya ugonjwa, mama mwenye nyumba alikuja mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo hapo.

"Dada, mimi sikulazimishi," alisema. "Jioni wanafunga. Ukitaka kwenda kwako, nenda. Ila ukitoka usirudi, maana sijui utaniletea nini kutoka huko bondeni. Ukibaki, unabaki mpaka wafungue."

"Mtoto wangu, mama."

"Si yuko kwa mdogo wako? Na ukienda mtakula nini huko? Hewa?"

Mpishi alipima. Alipima kama mtu anayepimiwa mchele huku mwenye duka ameegemeza kiwiko kwenye mizani. Mdogo wake aliuza nguo za mitumba, na soko la mitumba lilikuwa limeshapigwa kufuli. Akienda nyumbani watakuwa watatu, wote mikono mitupu, wanatazamana. Akibaki, mmoja atashiba na wawili watatumiwa chochote kwa simu. Alibaki. Hakuna aliyemlazimisha, na mama mwenye nyumba alimkumbusha hilo mara nyingi baadaye.

Kila jioni alipiga simu. Mwanawe walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mwanzoni mpishi alikuwa akiweka simu begani, anaosha masufuria, na Chiriku anamwaga habari: paka wa jirani kazaa, mama mdogo kamchapa, jino limetoka, shule imefungwa mpaka mwalimu mkuu apone. Kisha maneno yakaanza kupungua. Siku moja mdogo wake ndiye aliyezungumza muda wote.

"Tulikwenda kupanga foleni ya unga, dada. Wametufungia uwanjani, tumebanana kama kuni, mpaka Mheshimiwa apigwe picha. Nilimbeba mgongoni wasimkanyage."

"Mlipata?"

"Uliisha kabla yetu. Picha walipata."

"Chiriku mbona kimya?"

"Kachoka. Ana kamafua. Njaa nayo inanyamazisha, dada, hata kasuku."

Bosi, mume wa mama mwenye nyumba, alikuwa na kibali. Kampuni yake ilileta dawa za kusafishia sakafu, kwa hiyo alihesabiwa katika watu wa huduma muhimu, na karatasi yenye muhuri ilibandikwa kwenye kioo cha gari. Njia ya mjini ilikuwa moja: daraja, kisha barabara inayokatisha bondeni, tena mita chache tu kutoka mlango wa mdogo wake mpishi. Asubuhi moja mpishi aliacha vyombo, akamfuata bosi kwenye gari na mikono yake imejaa povu.

"Bosi, samahani. Naomba unishushe pale tu, nimwone mtoto dirishani, ukirudi unipitie."

"Kibali ni cha dereva peke yake, dada. Sheria ndiyo hiyo, na sisi tusipoifuata, nani ataifuata?"

Alisema kwa upole, kama mtu mwenye huzuni. Kisha akafungua mlango wa pili, akapiga mluzi, na mbwa akarukia kiti cha mbele. Alikuwa anapelekwa kuchanjwa. Gari lilipotoka getini, mbwa alikuwa ametoa kichwa nje, masikio yakipepea.

Ndipo akaja kaka yake mama mwenye nyumba, kutoka ng'ambo, kwa ndege ya mwisho kabla anga halijafungwa. Watu wa ndege ile walitakiwa kufungiwa hotelini wachunguzwe. Yeye alilala hotelini usiku mmoja, simu ikapigwa, akatoka. Alikuwa anakohoa. Ni vumbi la ndege, mama mwenye nyumba alisema, ingawa hakusema ndege hupata wapi vumbi huko juu. Mpishi ndiye aliyempelekea chai ghorofani, akamfulia mashuka, akaokota vitambaa vyake vya kufutia pua vilivyoanguka chini ya kitanda.

"Mama, naomba barakoa moja," alisema siku ya pili.

"Barakoa ni za watu wanaotoka nje. Wewe unatoka?"

"Hapana, mama."

"Haya basi."

Jumamosi wakaamua kumfanyia mgeni chakula cha mchana. Si mkusanyiko, alisema bosi, ni familia, na familia siku hiyo ilikuwa na magari mengi mpaka mengine yakaegeshwa juu ya majani. Mheshimiwa mwenyewe alikuja, yule aliyekuwa akisema redioni kila asubuhi kwamba atakayepokea wageni atajuta. Aliingia akicheka, barakoa ikining'inia kwenye kidevu.

Mpishi aliamka siku hiyo na kichwa kizito, magoti hayamsikilizi. Alimeza vidonge viwili na kukata nyama. Alipika kama alivyopika miaka yote, bila kupima kitu kwa kikombe wala kijiko. Mizani yake ilikuwa ulimi. Mchuzi ulipochemka alidondoshea tone kiganjani, akalamba. Maji ya moto. Akatia chumvi, akakoroga, akalamba tena. Maji ya moto. Alitazama paketi ya chumvi, paketi mpya ya kampuni asiyoijua, akasonya. Siku hizi hata chumvi wanachakachua, alijisemea. Akatia tena. Ulimi ulikuwa haujawahi kumwangusha, na kwa hiyo hakuushuku. Alitia mpaka akaona aibu kutia zaidi, akapakua.

Alikuwa bado amesimama mlangoni na bakuli la wali aliposikia kijiko kikigonga sahani.

"Alaa!" Mheshimiwa alitema kwenye kitambaa. "Mpishi wenu anataka kuniua kwa presha?"

Walicheka. Mwanamke mmoja akaonja kwa ncha ya uma, akakunja uso wote, wakacheka zaidi. Hata mpishi alijaribu kutabasamu. Kisha Mheshimiwa akaacha kucheka, peke yake, wengine wakiendelea.

"Huyu huwa anaonja anapopika?" aliuliza.

"Kila mara," mama mwenye nyumba akajibu. "Ndiyo sifa yake."

Kicheko kikakatika. Viti vikasogea nyuma, kimoja baada ya kingine. Mheshimiwa alipandisha barakoa kutoka kidevuni mpaka chini ya macho, akatoka kupitia mlango wa bustani ili asipite karibu na mlango wa jikoni.

Mama mwenye nyumba alimkuta mpishi kwenye sinki. Safari hii alikuja na glavu.

"Fumba macho."

"Mama, nisamehe, ile chumvi..."

"Fumba macho, nimesema." Kitu kikaletwa karibu na pua yake. "Nusa. Nini hiki?"

Mpishi alivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hapakuwa na kitu. Alisikia ubaridi tu, kama mtu aliyenusa ukuta. Alijua kwamba nyumba yake, kodi yake na njia ya kurudi kwa mwanawe kwa heshima vyote vilikuwa kwenye jibu hilo, akatafuta kitu kinachopatikana jikoni kila siku.

"Kitunguu, mama."

Alipofumbua macho, aliona chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, ile kali inayowatoa watu machozi, imefunguliwa chini ya pua yake.

"Umetuletea ugonjwa," mama mwenye nyumba alisema. Akaifunika chupa. "Umeutoa ugonjwa bondeni kwenu ukatupikia."

"Mama, sijatoka humu ndani tangu daraja lifungwe."

"Kwa hiyo unasema nani kauleta?"

Ghorofani mtu alikohoa, kikohozi kirefu cha kukaukiwa. Wote wawili walikisikia. Wakatazamana, na mpishi ndiye aliyeinamisha macho.

"Beba na hiyo sufuria yako ya mchuzi," mama mwenye nyumba alisema. "Sina wa kuiosha."

Getini mlinzi aliambiwa ampulizie dawa. Alimpulizia kwa bomba la kunyunyizia maua, mgongoni, miguuni, juu ya mfuko wa nguo, akigeuzia uso pembeni. "Nisamehe, mama," alisema chinichini, kisha akampulizia na kwenye viatu. Mpishi alijifunga kitambaa cha kichwa puani, akapakata sufuria, akateremka barabara ya lami kuelekea darajani. Alipumzika mara kadhaa kwenye kuta za watu. Njiani alimpigia mdogo wake.

Darajani palikuwa na gogo jipya lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, mapipa mawili, na askari mwenye kiti.

"Kibali?"

"Sina, afande. Naishi pale. Lile paa la bati lenye tairi juu, ndiko kwetu."

"Unaumwa?"

Hilo nalo alilipima. Akisema ndiyo, kuna kambi ya wagonjwa, na watu wa kambini walikuwa wanarudi majina tu. Akisema hapana, ni mzima asiye na kibali.

"Hapana, afande."

"Basi rudi ulikotoka."

"Wamenifukuza."

"Basi rudi walikokufukuza. Mimi nifanyeje, nikuzalie kibali?"

Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyeulizwa maswali hayo hayo tangu asubuhi. Alimwonyesha kwa kidole kigari cha mbao kilichosimama pembeni, kina kamba mbele na nyuma. Watu wa pande mbili walikitumia kuvutiana mizigo juu ya daraja, naye askari alikipulizia dawa kikifika katikati. "Kama una kitu cha kuwapa watu wako, weka. Vitu vinapita. Watu hawapiti."

Ng'ambo, mdogo wake alikuwa ameshafika. Chiriku alisimama kando yake, amevaa gauni ambalo mpishi alilikumbuka likimbana, na sasa lilimpwaya. Mpishi alipunga mkono. Mtoto alipunga kidogo, akaushusha.

"Chiriku! Mama huyu hapa! Mbona huniambii kitu?"

Mtoto aliegemea paja la mama yake mdogo.

Honi ikalia nyuma ya mpishi. Lilikuwa gari la bosi. Vioo vimepandishwa, bosi kwenye usukani, na kwenye kiti cha mbwa ameketi shemeji yake, yule mgeni wa ghorofani, amejifunika shuka hadi shingoni. Shuka lenyewe mpishi ndiye aliyelifua. Ng'ambo, mjini, kulikuwa na hospitali ya kulipia yenye mashine za kupumulia. Mpishi aligonga kioo kwa kiganja.

"Bosi! Nishushe hapo mbele tu! Bosi, kuna nafasi nyuma!"

Bosi alitazama mbele. Askari alisoma karatasi ya kiooni, hakuuliza kuhusu abiria wala kikohozi, akanyanyua gogo, akapiga saluti. Gari likapita, likaachia moshi, gogo likashuka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kufunga kamba za viatu.

"Dada!" mdogo wake alipaza sauti. "Hiyo sufuria ina nini?"

"Nyama." Akajutia neno hilo hapo hapo, maana alimwona Chiriku akiinua kichwa.

"Iweke kwenye kigari, tuvute!"

"Siwezi. Nimeipika na kuionja mwenyewe. Naumwa, mdogo wangu." Alisema kwa sauti ya chini, askari asisikie, ikabidi aseme mara mbili ili ng'ambo wasikie.

"Nitaichemsha! Nitaichemsha mpaka ugonjwa ulie! Dada, huyu mtoto hajala tangu jana. Kama hafi kwa ugonjwa wako atakufa kwa njaa yangu, sasa nichague nini?"

Mpishi alikumbatia sufuria. Alijua kila kilichomo: nyama ya paja, vitunguu, viazi, na pumzi yake. Alipima tena, na safari hii hakuona kiwiko cha mtu kwenye mizani, ni mkono wake tu. Akaiweka sufuria kwenye kigari, akafunika vizuri. Askari akaipulizia. Kamba ikakazika.

"Ichemshe kwanza!" alipiga kelele. "Asiguse! Na uongeze maji, chumvi imezidi!"

Mdogo wake alifunua, akachovya ncha ya kidole, akalamba. Alitema hapo hapo, akajifuta ulimi kwa mkono wa blauzi. "Mungu wangu! Hii ni bahari, dada!"

Katika kujifuta huko akamwachia mtoto. Chiriku alikuwa ameshachuchumaa kando ya sufuria. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kipande cha nyama, akakitia mdomoni kizima. Alitafuna. Mpishi alisubiri akunje uso, ateme, apige kelele kama alivyozoea kupiga kelele uji ukizidi sukari. Alimsubiri hivyo huku ameshika gogo kwa mikono yote miwili.

Mtoto alimeza. Akachukua kipande kingine, akakilamba pande zote kwa makini, akatazama ng'ambo.

"Mama," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza jioni hiyo, "leo umesahau chumvi."

Akaendelea kula.