Brauza Kuukuu ya Baba Chiriku

Mtaa mzima ulimwita mume wangu Kivinjari, yaani brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Mimi nilimwita Baba Chiriku, kwa jina la utani la binti yetu, mtoto pekee tuliyejaaliwa. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo alipoanza kusema, maana alisema bila kituo. Wageni walikuwa wakiaga, naye anawasindikiza hadi barabarani na hadithi ambayo haijafika hata katikati.

Mume wangu alikuwa na chumba cha intaneti chenye kompyuta sita, nyuma ya duka la madaftari na kalamu. Hapo ndipo wengi wa mtaani walipouona mtandao kwa mara ya kwanza. Brauza ya siku zile ilikuwa ya kijivu, na picha ndani yake ilishuka mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayevuta pazia huku akifikiria jambo jingine. Watu walingoja na wala hawakununa. Namkumbuka fundi viatu mmoja aliyetumiwa picha ya mwanawe aliyekuwa ng'ambo. Alikaa karibu nusu saa. Picha ilipofika puani, umeme ukakatika. Akainuka, akakung'uta suruali, akasema, "Si haba. Macho nimeyaona."

Baadaye kompyuta mpya zikaanza kuja na brauza nyingine tayari ndani. Mume wangu aliiita mke wa kuletewa: hukumposa, hukumchagua, umeamka asubuhi yuko jikoni. Wateja wakaizoea, na ile ya kijivu wakaisahau kabla mwaka haujaisha. Kisha wakaanza kuilaani hiyo ya kuletewa nayo: nzito, inaganda, imejifunga mikanda ya matangazo kichwani mpaka ukurasa wenyewe hauonekani. Ikaja ya tatu, ambayo ilifungua kurasa kumi ndani ya dirisha moja. Wakaapa kwamba hapo ndipo wamefika. Ikaja ya nne, nyepesi kama unyoya. Wakahamia huko, na miaka michache baadaye wakasema inameza kumbukumbu yote ya kompyuta na tena inawachungulia.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," mume wangu alikuwa akisema tukikaa mezani. "Mama Chiriku, watu hawana shukrani. Ile iliyowaonyesha dunia leo wanaitukana."

"Mm," nilijibu.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari. Kutwa nachapa ratiba, barua na mitihani. Nikifika nyumbani sikutaka habari za kompyuta hata kwa dawa. Alizungumza, nami nikaitikia "mm" huku nikiwaza nguo zilizo kambani. Ndivyo tulivyoishi, na sikuona kosa.

Likizo moja, akiwa na miaka kumi na mmoja, Chiriku alitengeneza ukurasa wake mwenyewe. Baba yake alimwonyesha hatua za mwanzo, zilizobaki akazivumbua. Alichora kuku mwekundu mwenye miguu mirefu kupita kiasi. Ukimgusa kwa kipanya, kuku anaruka, anataga yai, na sauti ya Chiriku inasema, "Karibu, mgeni. Vua viatu. Kuku wangu hapendi matope." Watu wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wakipita kumgusa yule kuku kabla ya kusoma barua zao.

Miaka miwili baadaye homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku nne. Siku hizo nne sitazieleza. Nitasema tu kwamba ya tano niliamka nikatenga sahani tatu.

Mume wangu aliendelea na chumba chake, lakini simu zenye intaneti ziliingia na wateja wakapungua mmoja mmoja. Siku moja alimwuliza kijana aliyekuja kuchapisha barua ya kazi anatumia brauza gani. Kijana akamtazama kwa huruma. "Brauza ndiyo nini, mzee? Mimi naingia tu mtandaoni." Alinisimulia hilo akicheka, lakini usiku huo hakula. Mwaka uliofuata akauza kompyuta tano, akafunga mlango. Ya sita akaileta nyumbani, akaiweka chumba cha nyuma na kuifunika kitambaa.

Ndani ya kompyuta hiyo alikuwamo kuku. Kampuni iliyokuwa ikitunza ukurasa bure ilikuwa imeshafungwa na kurasa zote zikafutika. Lakini brauza za zamani zilikuwa na tabia ya kuweka tumboni nakala ya kurasa zilizowahi kufunguliwa, na ungeweza kuziambia zifanye kazi bila mtandao. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya chakula mume wangu aliingia chumba cha nyuma, akaondoa kitambaa, akafungua brauza yake kuukuu. Nami nikisikia "Karibu, mgeni," natoka kwenda uani kuanua nguo, ziwe zimekauka au bado mbichi. Sikuweza kuisikia sauti ile mpaka mwisho. Hata mara moja sikuweza. Hakunilazimisha.

Aliniambia, tena zaidi ya mara moja, "Mama Chiriku, ukurasa huu unaishi ndani ya brauza hii tu. Ikitoka, na wenyewe umekwenda." Nina hakika aliniambia. Nina hakika pia nilimjibu "mm".

Ijumaa moja umeme ulipanda ghafla pale shuleni na kuunguza kompyuta ya ofisi. Usajili wa watahiniwa ulikuwa unafungwa Jumatatu saa sita mchana. Watahiniwa mia moja themanini na saba, na nilikuwa sijaingiza hata nusu. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda kumjulia hali dada yake aliyelazwa. Jumamosi asubuhi nikaondoa kitambaa, nikawasha kompyuta yake, nikaiunganisha na simu yangu. Tovuti ya usajili ikanijibu kwa maandishi mekundu: brauza hii haitumiki tena, tafadhali weka toleo jipya.

Nikampigia mwalimu wa kompyuta, binti mchangamfu aliyeajiriwa mwaka ule. Hakuchelewa. Alivua viatu mlangoni, akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niokoe."

Akainama mbele ya kioo, akacheka. "Mama! Hii ni ya makumbusho. Hata mimi nimeisoma kitabuni." Akabonyeza hapa na pale. "Diski imejaa, mpya haina pa kukaa. Hii kuukuu niitoe?"

"Itoe."

Kompyuta ikauliza kama tuna hakika, kwani vilivyohifadhiwa vyote vingefutika pamoja nayo. Mwalimu akasita. "Kuna cha maana humu, mama?"

Nilikuwa na majina mia moja themanini na saba mapajani. "Hakuna," nikasema. "Ni kompyuta ya zamani tu."

Brauza mpya ilikuwa safi na ya haraka. Niliisifu, jamani. Jumapili jioni nilimaliza jina la mwisho, na Jumatatu mkuu wa shule akanishukuru mbele ya walimu wote. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Mume wangu alirejea Jumanne. Habari za dada yake zilikuwa njema, tukazungumza hizo. Ikapita siku, zikapita nne. Jumapili baada ya chakula akaingia chumba cha nyuma kama kawaida yake, nami nikashika kapu langu, tayari kwenda uani. Sikusikia kitu. Nikasimama na kapu mkononi. Nikangoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiikimbia sauti ile, na sasa nilisimama pale jikoni nikiiomba ije.

Nilipoingia nilimkuta ameketi, miwani mkononi, kioo cheupe mbele yake.

"Mama Chiriku," akasema taratibu, "nani ameigusa?"

Nikamweleza yote: umeme, usajili, maandishi mekundu. Nilipofika kwa mwalimu, nikasema, "Usimlaumu. Aliniuliza kama kuna cha maana. Mimi ndiye niliyejibu hakuna."

Akaifuta miwani kwa ncha ya shati.

"Watoto wamesajiliwa?"

"Wamesajiliwa."

"Wote?"

"Wote, mia moja themanini na saba."

"Basi," akasema. Akavaa miwani yake, akatoka nje, na sikumwona mpaka jua linazama.

Mwalimu aliposikia, alikuja akilia. Aliichukua ile diski, akaipeleka kwa fundi mmoja hodari anayefufua vilivyofutwa. Tukangoja wiki tatu. Mwalimu alirudi na picha moja iliyochapishwa kwenye karatasi: miguu miwili mirefu, nusu ya tumbo jekundu, na juu yake mistari ya kijivu. Kichwa hakikupatikana. Sauti haikupatikana. Alisimama katikati ya sebule akishindwa kuinua uso.

"Keti, binti yangu," mume wangu akamwambia. "Ulifanya kazi yako. Mimi ndiye fundi wa nyumba hii. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu ya kuitoa sauti ile na kuiweka mahali pa salama. Kila nikitaka kuanza, naogopa nitakosea na kuiharibu. Nikasema Jumapili ijayo, Jumapili ijayo." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Mwenye kosa hapa ni woga wangu."

Nilitamani agombe. Nilitamani anipigie kelele, hata majirani wasikie. Lakini hakuwa mtu wa kelele, na tangu siku hiyo hata maneno yake ya kawaida yalikatika. Hakuwasema tena watu kwa kukosa shukrani. Mtu akimsimamisha njiani, "Kivinjari, siku hizi brauza ipi ni bora?" hujibu, "Iliyomo," na kuendelea na safari yake. Mezani palikuwa kimya. Mimi niliyekuwa nikichoshwa na hadithi zake nikajikuta namchokoza, namwuliza hili na lile kuhusu mitandao, naye ananijibu, "Mm."

Jumapili moja, mwezi wa tatu tangu yatokee hayo, nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya uani, mikono magotini, hana la kufanya. Nikaketi kando yake. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu.

"Sikuwahi kuisikia mpaka mwisho. Baada ya matope, alisema nini?"

Alitazama kamba ya nguo.

"Alicheka," akasema. "Kisha unasikika wewe."

"Mimi?"

"Siku aliyorekodi ulileta chakula pale chumbani. Unasikika kwa mbali, mlangoni: 'Chiriku, njoo ule!' Naye anajibu, 'Nakuja, mama.' Hapo inakatika."

Nikaiona siku ile. Niliuona mlango wa chumba cha intaneti, sufuria iliyofungwa kwa kanga, Chiriku amenipa mgongo, nywele zimesukwa nusu kwa sababu alikataa kutulia.

"Hakusema hivyo," nikasema.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Subiri kidogo.' Tena nilikasirika, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa."

"'Nakuja, mama,'" akasisitiza. "Nimeisikia kila Jumapili kwa miaka kumi na mitatu."

"Na mimi ndiye niliyeambiwa."

Akageuka kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kuona uso wake umewaka. Tukabishana pale ngazini kama watoto, yeye "nakuja", mimi "subiri", hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna amani. Mume wangu akamwambia ipo. Kisha akafunika macho kwa kiganja, nami nikamshika bega, na tukalia wote wawili mchana kweupe, jambo ambalo hatukulifanya hata siku tuliyomzika.

Hatujakubaliana mpaka leo. Hakuna pa kwenda kuhakikisha. Jumapili baada ya chakula tunaketi uani na kutafuta neno jingine lake, na mara nyingi kila mmoja analo tofauti. Juzi tulikuwa tunagombania jino: yeye anasema pengo lilikuwa kushoto, mimi nasema kulia.