Haragwe Kwenye Usukani

Niseme mapema, nisije nikaonekana mwema katikati halafu nikawaudhi mwishoni: kile kidude niliiba mimi.

Gari ilikuwa ya marehemu mume wangu, Ackson. Foo wili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, maana huku kwetu Kawetele mvua ikishika, gari nyingine zote hugeuka mizigo ya kusukuma. Ackson alipofariki injini nayo ikafa mwezi uleule, nikasema angalau amepata wa kumsindikiza. Ikakaa migombani miaka mitatu, magurudumu yamezama nusu, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mayai nilikuwa nakula peke yangu.

Kisha mwanangu Emmanuel, anayekaa Dodoma, akapiga simu kwamba amepata fundi wa kuifufua. Ikiwaka tu, atakuja kuichukua. Hakusema atakuja kuniona. Alisema atakuja kuichukua.

Fundi mwenyewe ni Muddy, wa Tukuyu mjini, miaka thelathini na kidogo. Gari haikuvutika kutoka kwenye tope, ikabidi karakana imfuate mgonjwa. Akaleta injini kwa pikapu, akasimika magogo matatu, akaning'iniza cheni ya kunyanyulia. Tangu siku hiyo kila asubuhi bodaboda ikawa inasimama kwangu. Ananiamkia, shikamoo bibi. Naitikia, marahaba mume wangu, mbona umechelewa, au umepitia kwa mke mwingine. Anajibu kwamba anaye, anaitwa Sabrina, na ni mkali. Basi siku inaanza vizuri.

Mtu anayekaa peke yake anapika sufuria moja Jumatatu, anaila hadi Alhamisi. Alipokuja Muddy nikaanza kupika kila siku. Ndizi kwa maharage, ndizi kwa karanga, ndizi na parachichi pembeni. Nikaanza hata kuvaa kanga na mwenzake, mimi niliyekuwa navaa yoyote iliyo karibu na mkono.

Naye ni mtu wa kueleza. Alinieleza kwamba injini za siku hizi akili yake haimo ndani yake, imo kwenye kiboksi cha bati wanachokiita kontroli boksi, ndiyo kompyuta. Gari ya Ackson ilikuwa ya gia za mkono, na hii injini imetoka kwenye gari ya otomatiki. Ukiifunga kwenye giaboksi ya zamani, kompyuta inaitafuta giaboksi iliyoizoea, haiioni, inasusa. Kwa hiyo alihamisha vyote: injini, giaboksi yake, ile gia ya kugawa nguvu mbele na nyuma, mkungu mzima wa nyaya na kompyuta yenyewe. Nikamwambia hiyo ni sawa na kuoa binti halafu mama mkwe naye akahamia. Akacheka hadi spana ikamtoka.

Mwisho ukabaki ufunguo. Akaupasua ufunguo uliokuja na ile injini, akatoa chipu, kidude cheusi kisichozidi haragwe. Bila hiki, akasema, kompyuta inamwona kila mtu mwizi: injini itawaka kama mtu anayepiga chafya, kisha inazima. Akakibandika kwa tepu nyeusi kando ya swichi, chini ya usukani, kompyuta iwe inakiona wakati wote. Kesho, akasema, anakuja na betri, anawasha, kazi imekwisha.

Aliyasema kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa namenya ndizi za kesho.

Alipoondoka, jua bado lipo, nikaingia kwenye gari. Nikabandua tepu, nikatoa chipu, nikaweka haragwe jeusi, nikabandika. Shule niliishia darasa la nne, lakini kubandika najua. Chipu nikaitia kwenye mfuko wa miwani ya Ackson, ambao hakuna anayeufungua, hata mimi.

Kesho yake injini ikapiga chafya, ikazima. Muddy akajaribu mara kumi. Akafuata waya mmoja mmoja siku nne nzima. Akaamini kompyuta aliyouziwa si ya injini ile, akampigia muuzaji wakagombana. Akaing'oa, akaipeleka Mbeya kupimwa, ikarudi na jibu kwamba ni nzima. Tepu hakuigusa, kwa sababu aliibandika yeye.

Wiki tatu hizo nilishiba maneno. Najua mimba ya Sabrina ina miezi mingapi, najua kwa nini haongei na kaka yake. Mvua ilinyesha kama inavyonyesha kwetu, kila siku. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekatika, maji yakidondokea usukani, naye akalalamika kwamba kazi ya umeme haitaki maji. Nikamwambia aiache, haijaoga miaka mitatu.

Siku ya ishirini na mbili nilimtania asicheke. Alisema mjini wanasema Muddy kashindwa na gari ya bibi, na wawili wameshaondoa gari zao kwake. Ijumaa angeing'oa injini airudishe ilikotoka.

"Na hapa sitakanyaga tena, bibi," akasema. "Nitaona aibu kukutazama."

Nikaingia ndani. Nikautoa mfuko wa miwani, nikakaa nao kitandani. Kumbe kila njia anaondoka, moja kwa heshima na nyingine kwa aibu. Bado nimekaa hivyo, nikasikia naitwa.

"Bibi, njoo uone. Usukani umeota."

Kweli ulikuwa umeota. Kwenye tepu palitoka kishina cheupe chenye majani mawili, kimejipinda kuelekea dirishani. Muddy akabandua taratibu. Akalitazama haragwe, akanitazama mimi, akautazama mfuko wa miwani mkononi mwangu.

"Kwa nini, bibi?"

Nilikuwa na majibu matano ya kuchekesha. Hakuna lililowaka.

"Ungeondoka," nikasema.

Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, na haikuwa michafu. Kisha akaipokea chipu, akaibandika mahali pake, akawasha. Ikawaka, haikuzima. Nilikuwa nasubiri ule mngurumo wa Ackson uliotikisa bati tangu yuko kwenye kona. Hii ilinong'ona tu, kama friji ya jirani. Muddy akanifungulia mlango wa mbele. Magurudumu yote manne yakachimba, tukatoka kwenye tope, akanipeleka hadi njiapanda ya Masukulu na kunirudisha. Muddy alimwambia Emmanuel kwa simu kwamba tatizo lilikuwa unyevunyevu, na hakusema uongo.

Emmanuel alifika Jumamosi. Akanywa chai amesimama, akaondoka na gari.

Pamebaki mashimo manne ya magurudumu na doa la oili. Haragwe sikulitupa, nililipanda kwenye shimo la mbele kulia, upande wa dereva. Muddy alikuwa ameniambia, akikunja cheni yake, kwamba hayo maharage ni haki yake, yakiiva nimwite.

Jana nimempigia. Nimemwambia yameiva, aje na mfuko mkubwa. Ndizi ziko jikoni, na kanga nimevaa na mwenzake.

Haragwe lenyewe hata ua halijatoa.