Mlango wa Babu Liem

Lori lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma kuelekea langoni, limebeba kitanda cha harusi, meza ya ibada ya wazee waliofariki na masanduku ya batiki nyekundu ya Lasem, Ngatirah, mwandika batiki wa nyumba ile, alipogundua kwamba mlango umeachwa.

Ulikuwa palepale barazani, umeegemezwa ukutani, mweusi tititi, na mpakizi mmoja alikuwa ametundika shati lake juu yake.

Ngatirah hakupiga kelele. Alilitoa lile shati, akalikunja, akaliweka kitini. Kisha akaushika mlango kwa pembe zake mbili, akaukokota uani ukikwaruza mawe mpaka langoni, akaulaza katikati ya njia. Akaketi juu yake, akakunja miguu kama anayesubiri nta ipate moto aanze kuandika batiki.

Kasdun, dereva, alifunga breki mpaka kitanda kikalia huko nyuma. "We mama! Nimebakiza kidogo tu nikukanyage!"

"Kanyaga. Ila usiniache nusunusu. Sina wa kuniuguza."

Bwana Wiryawan akaja mbio kutoka kwenye gari lake dogo. Alikuwa mkubwa wa Jumba la Maelewano huko Semarang, jumba jipya la kuonyesha jinsi Wajava, Wachina na Waarabu wa pwani ile wanavyoishi kwa amani. Mwezi mzima alikuwa akija kunywa chai kwa Bibi Swan, mjane wa Kichina aliyeigeuza nyumba yake makumbusho, na kumbembeleza. Bibi umezeeka, paa linavuja, mpwa wako Semarang amekuandalia chumba. Kwa nini makumbusho haya yafie hapa uani, wakati kule yataonwa na watu wengi? Mwishowe Bibi Swan alikubali, mbele ya majirani, kwa sharti moja: vitu vyake visitenganishwe.

"Mama Ngatirah, hili la mlango si tulishaongea?"

"Uliongea na nani?"

"Na mpwa wake."

"Mpwa wake alikuwepo Solo?"

Kila mtu pale aliijua habari ya Solo. Familia ya Bibi Swan ilikuwa na duka la batiki kule, na mlango ule ulikuwa wa duka hilo. Mwaka wa tisini na nane, siku mji ulipowaka na maduka ya Wachina yakasakwa moja moja, wanawake waandika batiki wa dukani walitaka kuandika mlangoni kwamba duka ni la Mwislamu, kwa kuwa yaliyoandikwa hivyo yalirukwa. Rangi haikuwepo. Sufuria ya nta ilikuwa jikoni, inachemka. Mwandika batiki akishikwa na haraka, mkono unamwendea kwenye nta. Ngatirah, mmoja wao, alichovya brashi akaandika: DUKA LA MWISLAMU. Herufi kubwa, za kupendeza. Hata majani ya pambo alizitilia pembeni, mkono ulishazoea. Waliokuja hawakusoma. Walitia moto, na moto ukaipenda nta kuliko mbao, ukafuata herufi hizo ukazichimba. Wanawake walitoka kwa mlango wa nyuma. Babu Liem, mume wa Bibi Swan, alirudi kuokoa vitambaa vya wateja. Hakutoka.

Watoto wa madrasa na wa shule ya kanisa walipoletwa pamoja kutazama makumbusho, walipita kwenye kitanda wakicheka, wakapita kwenye batiki wakipiga miayo. Wakifika mlangoni, Ngatirah aliwaambia wafumbe macho, wasome kwa kidole. Kisha aliwauliza: nyie mngeandika nini? Hapo zogo lilianza, na halikuisha mpaka walimu wawavute mikono.

"Mama yangu," Bwana Wiryawan alisema, akichuchumaa, "pale watu watakuja na familia zao wauone umoja. Ukiwawekea mkaa, wataanza kuulizana nani alichoma."

"Waulizane. Wana midomo."

"Mambo yale yamepita."

"Yalipita kwangu. Niliyaona yakipita."

Akapunguza sauti. "Na wewe ni Mwislamu mwenzangu. Unataka watu waseme sisi ndio tuliochoma?"

Ngatirah alimtazama mpaka mwenzake akaangalia pembeni. "Wako waliochoma, na mimi ndiye niliyeandika. Ukiwaficha wale, umenifuta na mimi. Unataka amani isiyo na mtu hata mmoja ndani yake."

Kioo cha gari dogo kikashuka. Bibi Swan, aliyekuwa ameketishwa mbele na mkoba wake mapajani, akachungulia. "Tirah! Tumeshafika?"

"Hata langoni hatujatoka, Bibi. Wanauacha mlango wa Babu Liem."

Bibi Swan alishuka polepole, akaja na mkongojo wake. Majirani walikuwa wameshajaa. Bwana Wiryawan aliuona mkoba, akapata wazo.

"Bibi, wewe huamui jambo bila kuwauliza wazee wako. Waulize sasa hivi. Wakikataa, nitaubeba mlango huu kwa mgongo wangu mpaka Semarang."

Bibi Swan akavitoa mkobani vipande vyake viwili vya mti vya kuwaulizia wazee, vyenye umbo la mwezi mchanga, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Akaviinua usoni, akauliza kama mlango ubaki, akavirusha juu ya ule mlango ulioungua. Vyote viwili vililala bapa juu: si ndiyo, si hapana.

"Wanacheka!" Kasdun akasema. "Wanamcheka bwana mkubwa!"

Akarusha tena. Kimoja bapa, kimoja mviringo. Hiyo ni ndiyo. Akarusha mara nyingine. Ndiyo.

"Wamekubali ubaki," Bwana Wiryawan akasema, akijifuta jasho.

Tangu aanze kazi kwa Bibi Swan akiwa msichana, Ngatirah alikuwa hajawahi kumwona akienda kinyume na vipande vile. Hata uchumba wa binti wa Bibi vilishauvunja.

Bibi Swan alivifuta kwa mkono wa blauzi. "Wazee wangu nimewamiminia chai kila asubuhi tangu nikiwa mtoto. Sijawabishia hata siku moja."

"Basi, Bibi, tu—"

"Nyamaza, sijamaliza. Hawa walikufa kabla ya Solo. Moto ule hawakuuona. Wanataka safari iende, watu wasigombane, kama wewe. Leo wamekosea. Mjane wa Liem ni mimi, na mimi nasema hapana. Dereva, shusha vitu."

"Bibi, ulikubali mbele ya watu!"

"Nilikubali viende vyote. Vyote haviendi."

"Na paa je? Mvua zikija?"

"Tutaloa."

"Hata meza ya wazee nishushe?" Kasdun akauliza, ameshafungua nyuma ya lori.

"Anza na hiyo. Wazee warudi ndani, tutagombana huko huko."

Ngatirah hakuinuka mlangoni mpaka sanduku la mwisho liliporudi ndani.

Jumba la Maelewano lilifunguliwa mwaka huohuo, likiwa na kitanda kilichonunuliwa kwingine na picha za watu wanaotabasamu. Bwana Wiryawan alistaafu, anafuga ndege. Kasdun alihamia Surabaya, anaendesha lori la saruji. Mpakizi hakulirudia shati lake. Mpwa alimnunia shangazi yake mwaka mzima, halafu akaleta vigae, vikatosha nusu ya paa. Bibi Swan alifariki nyumbani kwake baada ya misimu miwili ya mvua. Kuwaomba wazee msamaha hakuwaomba, ila chai hakuwanyima. Siku hizi anayeimimina ni Ngatirah, macho yamepungua nguvu, nyingine inamwagika mezani. Mlango uko barazani. Watoto bado wanaletwa, na ile nusu nyingine ya paa bado inavuja.