Mwindaji wa Bwana Tunnicliffe

Bwana Horace Tunnicliffe wa mjini Leek alikuwa na kabati zima la sanamu za kale za udongo: wawindaji, farasi, mbwa wanaofukuza sungura. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda farasi, na mbwa aliwaogopa. Jumapili moja alimwalika chai jirani yake Edna Bloor, fundi mstaafu wa kupaka rangi vyombo vya udongo, aje kuzitazama.

Edna alipozitazama, chai ilimpalia. Sita kati ya hizo alizipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe ujanani, kwenye karakana iliyotengeneza "vitu vya kale" na kuvipaka majani ya chai vionekane vikuukuu.

"Mkono kama huu haupo tena, jirani," Horace alisema. "Mafundi hawa walishakufa wote."

"Labda amebaki mmoja," Edna alijibu.

Horace hakusikia. Alikuwa akimtoa mwindaji mmoja aliyefichwa nyuma. "Huyu ndiye bandia. Nilipunjwa. Mchukue tu, ukimpenda."

Edna alimgeuza, akaliona sikio lililomeguka la mbwa aliyekaa miguuni pake. Alilimegua yeye mwenyewe, siku alipomwangusha karakanani na bosi akamfokea mpaka akalia. Huyu ndiye waliyekuwa wakimwiga.

"Mzee Horace, huyu ndiye wa kale. Hao wengine..."

"Wewe ulizoea vikombe, mama. Mambo haya tuachie wenyewe."

Edna alimaliza chai yake taratibu. Akamshukuru kwa adabu, akamviringishia mwindaji skafu yake, akashuka ngazi akiwa amemkumbatia kama mtoto mchanga.