Gunia la Mtani

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Miaka kumi na moja nakaanga chapati stendi ya Mikumi, na miaka yote hiyo Valentino alikuwa akilala nyuma ya banda langu, kwenye baraza ya mashine ya kusaga iliyofungwa. Mchana anabeba mizigo ya abiria, jioni anatandika maboksi yake. Kwao ni Vidunda, mlimani. Mimi ni wa huku bondeni, lakini ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu, na mtani ndiye anayesimama kwenye maziko ya mtani wake na kumkejeli. Kwa hiyo, ingawa kanipita miaka kumi na mitano, sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja. Nikifika asubuhi nauliza, "Wewe mzee, hujafa tu?" Naye anajibu, "Nife vipi na shimo hujachimba?" Siku moja, mbele ya stendi nzima, nikamwambia akifa nitamtia kwenye gunia la mahindi nimpandishe Vidunda kwa bodaboda. Watu walicheka mpaka kondakta mmoja akamwaga chai.

Sasa mwaka huu tumbo likamvimba, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ni ini, na halitibiki tena. Ndipo akaja Sista Ida kutoka Kilosa, nesi anayewafuata wagonjwa wasio na pa kukaa, akaketi kwenye benchi langu na fomu yake. Unataka uuguzwe wapi? Ukishindwa kusema, nani akusemee? Uzikwe wapi?

Valentino alijibu upesi. "Hapahapa barazani. Nikazikwe Vidunda. Wa kunisemea ni Siwema huyu, aliahidi mbele za watu."

"Ala! Mimi? Ule ulikuwa utani, wewe mzee!"

"Ndiyo, utani. Kwani wewe si mtani wangu?"

Sista Ida akanieleza taratibu. Bila mtu wa kusaini, dawa kali ya maumivu haiwezi kuachwa barazani. Itabidi alazwe Kilosa, na akifia huko bila mtu, halmashauri itamzika. Mdogo wake yupo Vidunda, anaitwa Gabrieli, lakini waligombania shamba la baba yao na hawajasemeshana miaka ishirini.

"Watanichomekea kibao cha namba," Valentino akasema, anaangalia miguu yake. "Hata wa kunicheka hatakuwepo."

Nikakataa. Nikakataa kwa kelele, na mwiko mkononi.

Siku tatu sikutulia. Chapati zinaungua upande mmoja, upande wa pili mbichi. Nawafokea wateja. Nakaa, nainuka, nachungulia barazani kama bado yupo, halafu najikasirikia kwa kuchungulia. Jamani, nani kaniroga? Mgongo wenyewe unaniuma, nikauguze mzee wa watu nje ya nyumba, mchana kweupe, stendi nzima inatazama? Siku ya nne nikamsikia akiguna. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia yake ili abiria wasimsikie. Nikampigia simu Ida. "Lete hiyo karatasi yako kabla sijabadilisha mawazo."

Penye uhusiano alitaka kuandika ndugu. "Andika mtani," nikamwambia. Valentino akaongeza sharti moja: siku ya kumzika nisilie, nimkejeli kama inavyotakiwa. Ida akaliandika vilevile alivyolisema.

Basi nikawa nesi. Dawa asubuhi, mchana, jioni. Namwosha, namtukana, ananitukana. Wapiga debe wakatufungia turubai kuzuia mvua. Mchana mmoja nikafika na uji nikakuta amesinyaa, pumzi inakuja kwa kuhesabu. Woga ukanishika, na neno likanitoka lenyewe.

"Shikamoo, Valentino."

Akafungua macho. Hakusema marahaba. "Kumbe nimekwisha," akasema. "Hata wewe umenihurumia." Akageukia ukutani. Dawa akaikataa mchana ule, na jioni akaikataa tena, huku maumivu yanamkunja.

Loo, nilijilaumu! Nikazunguka stendi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho nikakimbilia kwa wauza mahindi, nikanyakua gunia tupu, nikaja nikamtupia miguuni.

"Jinyooshe nikupime!"

Akalitazama gunia. Akanitazama mimi. "Fupi hili," akasema. "Miguu itabaki nje."

"Tutaikata! Yenyewe imechakaa, nani ataitaka?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akafungua mdomo, nikamnywesha dawa. Nyingine niliimwaga mimi mwenyewe, nikamgombeza yeye kwamba anaimwaga.

Alikufa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nakanda unga huku namsema, nikangoja jibu, jibu halikuja.

Gabrieli nilimpigia mimi. Nilidhani atakata simu, lakini tulipofika Vidunda na jeneza tukamkuta amechimba kaburi kwa mikono yake, pembeni mwa shamba lilelile. Kasisi akamaliza sala zake. Watu wote wakanigeukia. Nikatoa gunia, nikalitandika juu ya jeneza, nikajilazimisha.

"Valentino! Umebeba mizigo ya watu maisha yako yote, leo umetubebesha sisi mlima mzima, huna hata aibu! Na wewe Gabrieli, miaka ishirini unamnyima shamba. Haya, leo kaja kulichukua. Mtoe sasa, kama unaweza!"

Bibi mmoja akacheka, wakacheka wote, na Gabrieli naye akacheka, akaketi chini kwenye udongo, akalia kwa sauti.

Mimi sikulia. Niliahidi, na ahadi yenyewe iko kwenye fomu. Nilishuka mlima nikicheka na watu mpaka tukapita kona ile ambayo kaburi halionekani tena. Hapo nikawaambia watangulie.