Kumi na Saba Yupo

Mwalimu Mgeni alifika siku ya kwanza ya muhula akiwa na sanduku moja na kikohozi. Alitoka nchi ya mbali kuja kufundisha kwetu mwaka mmoja. Mimi ndiye niliyempokea, kwa sababu Mkuu wa shule alikuwa kikaoni na funguo za nyumba ya walimu hukaa kwangu. Nafanya usafi pale shuleni. Nilimwonyesha chumba, bomba linalotoa maji asubuhi tu, na mlango usiofunga mpaka uupige bega.

"Na wewe ni mwalimu?" aliniuliza.

"Hapana. Nafagia."

"Basi wewe ndiye bosi wangu," akasema, akacheka. "Unajua kila kitu hapa, mimi sijui hata choo kiko wapi."

Nikainama nikaokota takataka ambayo haikuwepo.

Mwaka ule hakupumzika. Walimu watatu walikuwa wamehama kwa mpigo, kwa hiyo alipewa darasa la nne liwe lake, hesabu za la tano na la sita, na kwaya juu yake. Aliniambia kwa siri kwamba kuimba hajui kabisa. Mezani kwake madaftari yalipanda mpaka yakaziba dirisha. Alikula amesimama. Ukutani alibandika kalenda, na kila jioni alikata siku moja kwa kalamu nyekundu, kisha akapiga simu kwao kuongea na binti yake aliyemwacha kwa bibi. Nilikuwa nikipanga vyombo, nikawa namsikia. "Amekula? Ameoga? Yupo hapo?" Mara nyingi aliambiwa hayupo, ametoka kucheza.

Darasa la nne lilikuwa na watoto sitini na wanne kwenye daftari la mahudhurio. Siku ya kwanza aliwaita kwa majina, na ulimi wake ukayavunjavunja yale majina mpaka watoto wakalala juu ya madawati kwa kucheka. Jina la babu wa mtu lilitoka kama jina la mboga. Kesho yake akaja na dawa yake. Alisema kuanzia leo ataita namba, kila mtu akae na namba yake kichwani, na atakayecheka atadeki darasa.

Mimi asubuhi hudeki baraza la nje, chini ya madirisha. Niko pale na ndoo yangu, namsikia anaita kama mtu anayehesabu mayai.

"Kumi na sita."

"Nipo!"

"Kumi na saba."

Kimya.

"Kumi na saba?"

"Nipooo."

Nilisimama na tambara linanichuruzikia miguuni.

Namba kumi na saba alikuwa mdogo wangu. Alifariki kwa homa ile likizo ndefu, wiki tatu kabla Mwalimu hajafika, na karani wa shule alinakili orodha ya mwaka uliopita bila kumfuta. Nyumbani tulimwita Kijiko, kwa kuwa alikuwa mwembamba na kichwa kikubwa, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lake. Mimi niliacha shule darasa la tano, mama alipoanza kuumwa mgongo, nikashika ufagio ili Kijiko asome.

Sauti zetu zilikuwa moja. Mama akiwa jikoni alikuwa akiita, "Nani yupo huko?" na sisi tunaitikia kwa kuvuta, "Nipooo," na hakuwahi kujua ni yupi kati yetu. Aliyeitikia ndiye aliyetumwa maji, kwa hiyo tulikuwa tunasukumana. Tangu mazishi mama haiti tena kutoka jikoni. Anatoka mpaka nje, ananitazama usoni kwanza, ndipo anasema anachotaka.

Wakati wa mapumziko nilimshika Kasuku. Huyu tangu la kwanza alikuwa akikaa dawati moja na Kijiko, siku zote la dirishani, na alipewa jina hilo kwa sababu aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Aliwahi kukohoa kama Mkuu, walimu wakasimama wote.

"Dada, usinipige," alisema kabla sijafungua mdomo. "Mwalimu alirudia mara mbili. Kila mtu kanyamaza. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ataitikia mwenyewe."

Nilitakiwa nimwambie aende kwa Mwalimu, au niende mimi. Ni maneno mawili tu. Lakini mimi na maneno hatuelewani, yakifika kooni yanageuka nyuma. Nikamwambia, "Haya, nenda ukacheze." Na kesho yake niliwahi kufika, nikaanza kudeki chini ya dirisha lile, polepole, mpaka alipoita.

Ikawa ndiyo asubuhi yangu. Mwalimu akipita mbio na chaki masikioni na nywele hazijachanwa, ananiambia, "Mdogo wangu, unapenda sana kibaraza hiki, kinang'aa kuliko kingine chochote," na mimi nacheka tu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Mama aliniuliza siku moja, "Umepata mchumba huko?" Nikasema hapana. "Basi kuna kitu," akasema, akaniacha.

Muhula wa pili ulipokwisha, wazazi wa Kasuku walihama, naye akaenda nao. Mwalimu akaifuta namba yake, tisa, kwa mstari wa rula. Nilijiambia, sasa basi, imekwisha. Shule ilipofunguliwa nilisimama chini ya dirisha nimefumba macho.

"Kumi na saba."

"Nipooo."

Ilikuwa karibu sana, kama mtu ananiambia sikioni.

Niliwauliza watoto mmoja mmoja, kwa upole, nikiwapa vipande vya chaki vilivyobaki. "Si mimi, Dada," walisema wa mbele, "ni wale wa nyuma." Wa nyuma wakasema ni wale wa katikati. Wa katikati wakasema wao walidhani ni wale wa dirishani. Dawati la dirishani lilikuwa tupu. Sikuuliza tena. Niliogopa kujibiwa. Na sikuacha kwenda.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ikaja. Jumamosi moja asubuhi niliingia kwa Mwalimu nikamkuta amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, karatasi sakafuni kila mahali.

"Mdogo wangu, nimefanya kosa kubwa," alisema. "Nimepoteza karatasi za mtoto."

"Mtoto gani?"

"Kumi na saba." Akavuta daftari la mahudhurio akanifungulia. Mstari wa kumi na saba ulikuwa umejaa alama za vema tangu mwanzo hadi mwisho, bila pengo hata moja. "Tazama. Hakuna mwingine darasani ambaye hajakosa hata siku moja. Lakini mtihani wake sina. Daftari lake sina. Na nimekaa hapa tangu alfajiri nakumbuka sura zao wote, yeye simpati. Mwalimu gani mimi? Naita nimeinama, natia alama, nakimbilia darasa lingine. Binti yangu kule angefanyiwa hivi ningelia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimemwandikia cheti cha mahudhurio. Nataka nikampe mama yake mkononi na nimwombe radhi. Unapajua kwao?"

"Napajua."

"Ni mbali?"

"Si mbali."

"Nipeleke."

Njiani nilifungua mdomo mara tatu. Nikisema, atachukua ile rula, na Jumatatu ataita kumi na sita halafu kumi na nane, na Kijiko atakuwa amekufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nisiposema, atasimama mbele ya mama yangu na kumwambia mwanao hajakosa hata siku moja. Nilikuwa natembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mwalimu alidhani nimechoka, akanipokea kikapu.

Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Ee mwanangu! Unaniletea mgeni bila hata kunitumia salamu, na nyumba iko hivi?"

"Shikamoo mama," alisema Mwalimu.

"Marahaba, karibu." Mama akasogeza kigoda. Mwalimu hakukaa. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akatazama kile cheti mkononi.

"Mwanangu?" alisema polepole. "Hapa ni kwenu? Kumi na saba ni mdogo wako? Mbona hukuniambia?"

Ndipo nikasema. Nilisema nikitazama maharage. "Mwalimu, Kijiko alifariki kabla hujaja. Mama, Mwalimu amekuwa akimwita kila asubuhi mwaka mzima. Yeye hakujua. Mimi nilijua."

Mwalimu alikaa chini, si kwenye kigoda, pale pale mavumbini.

"Lakini ameitikia," alisema. "Mama, nisamehe, sitanii. Ameitikia kila siku."

Nilingoja mama apige yowe. Hakupiga. Aliuweka ungo pembeni taratibu, asimwage hata punje moja.

"Anaitikiaje?"

"Anavuta. Nipooo, hivi. Sauti inatoka upande wa dirisha."

Mama aligeuka akanitazama usoni, kama anavyonitazama siku hizi, ila safari hii hakuondoa macho.

"Na wewe, asubuhi unadeki wapi?"

"Nje ya dirisha," nikajibu.

Nilipojibu ndipo nilipojisikia. Ilikuwa sauti ile ile. Mwalimu aliinua kichwa ghafla akaniangalia, mkono kifuani. Mimi sikumbuki kufungua mdomo pale dirishani hata siku moja. Mpaka leo sikumbuki.

"Jumatatu nitakuja shuleni," mama alisema, akauchukua ungo wake.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufunga shule. Mama hakuwahi kukanyaga njia ile tangu mazishi. Alikuja amevaa khanga yake nzuri, akaingia darasani, akakaa kwenye lile dawati la dirishani, magoti yakagonga ubao wake. Mimi nilikuwa mahali pangu, nje, na ndoo yangu.

Mwalimu aliita. Safari hii hakuinama. Kila aliyeitikia alimtazama kwanza, kisha akatia alama. Alipofika kumi na sita alisimama, kalamu hewani.

"Ita, Mwalimu," mama alisema.

"Kumi na saba."

Nilikuwa nimebana tambara bichi mdomoni kwa mikono miwili. Na kweli lile neno lilikuja. Nililisikia linapanda kutoka tumboni, sikulivuta mimi, likapita kooni ambako maneno yangu yote hukwama, likafika kwenye meno. Nikabana zaidi. Tambara lilikuwa na ladha ya sabuni na vumbi la miguu ya watoto. Ndani hakuna aliyejikuna. Mama alikaa shingo imenyooka, ameinamisha sikio kidogo, kama alivyokuwa akifanya jikoni alipoita na kungoja mmoja wetu.

Alingoja sana. Kisha aligeuka dirishani, akaniona. Akanyoosha mkono akanitoa tambara mdomoni, akanifuta kidevu kwa kona ya khanga yake. Nilikuwa mdomo wazi. Hapakuwa na kitu ndani.

"Haya," alisema, bila kuniachia macho. "Kumi na nane, Mwalimu."

"Nipo," mtoto akaitikia, kwa sauti yake mwenyewe.